Mume wa Nzi wa Emei

Mwaka 1989 Peng Lan-ying alikuwa na miaka sitini na minne, na kwa miaka thelathini na tisa alikuwa amekalia kiti kilekile katika chumba cha wadudu cha kituo chetu cha kilimo. Chuo hakusoma. Sisi tuliosoma tulimwachia masanduku asubuhi, na jioni tukakuta kila mdudu amechomwa pini na kuwekewa lebo, kwa mwandiko mdogo ambao siku hizi hata yeye aliusoma kwa lenzi. Mwisho wa Juni alikuwa anastaafu, na kabla ya hapo alitaka kujua jambo moja: kama nzi wake ni mpya.

Ni wa jamii ya nzi wenye vichwa vikubwa. Mwili haufiki punje ya mchele, na kichwa ni duara, karibu chote macho. Huelea katikati ya mistari ya chai, na jike akiona kidudu cha kijani kinachofyonza majani hukidaka na kukitagia yai. Buu hukila kidudu kutoka ndani mpaka tumbo linavimba, kisha huangukia udongoni na kuwa bundo, amejifunga ndani ya ganda mpaka atoke nzi.

Peng alikuwa na madume matatu kutoka shamba la Tseng Huo-tu, kule kwenye vilima vya Emei. Alipochemsha ncha ya tumbo na kuitazama kwa hadubini, alikuta vibanio viwili vya kumshikia jike: kimoja kipana kama jani, kingine chembamba, kimepinda. Hakuna kitabu kilichokuwa na vibanio vile.

"Andika," aliniambia. "Macho yamegusana mbele. Bawa halina doa. Paja la nyuma linang'aa. Umeandika?"

Nilikuwa nimeandika, na juu kabisa nilikuwa nimeshaweka jina la spishi, ambalo lilikuwa jina lake. Aliliona. Alifuta lenzi ambayo haikuwa chafu.

Kilichotusumbua ni jike mmoja. Zaidi ya miaka hamsini nyuma, enzi za Wajapani, mtaalamu wao alimkamata jike pekee katika vilima hivyohivyo, akampa jina. Dume lake hakuna aliyepata kuliona. Je, kama dume hilo ndilo hili la Peng? Basi nzi ana jina tangu zamani, na karatasi yangu ni ya kutupwa. Jawabu lingepatikana kwa kumpata jike, tena kwa uhakika kwamba ni wa spishi moja na dume letu. Ikabidi kufuga.

Tseng alimpokea kwa kelele shambani.

"Dada Peng! Vidudu hivi ndivyo vinavyoipa chai yangu harufu ya asali. Mwenzako sipulizi dawa miaka kumi nikivilea. Wewe unakuja kumtafutia mke muuaji wao?"

"Nachukua wagonjwa tu, kaka Tseng. Wazima nakuachia."

"Sikilizeni, jamani! Nilidhani anakuja kwa ajili yangu, kumbe ni mshenga wa nzi!"

Wanawake waliokuja kuchuma walicheka hadi kofia zikawateleza. Na hao wachumaji ndio waliomvuruga. Walitakiwa kuja kesho yake, lakini mvua ilikuwa inakuja, na chai hiyo huchumwa siku chache tu karibu na sikukuu ya mbio za mashua. Peng alikuwa amebeba vichupa arobaini ili kila kidudu kilichovimba kikae peke yake. Lakini wachumaji walikuwa wameshafika mstari wa tatu, vikapu vinajaa. Akanyonya vidudu kumi na kimoja haraka haraka kwa mpira wake wa kunasia wadudu, akavimwaga vyote katika mtungi mmoja wenye mche wa chai.

Baada ya wiki tatu walitoka nzi watatu. Dume moja lilikuwa kama yale ya Peng, lenye kibanio kipana. Dume la pili lilikuwa la aina ya kawaida, ambayo nayo tuliijua kwa madume tu. Wa tatu alikuwa jike, na mwiba wake wa kutagia ulilingana na mchoro wa Mjapani.

Udongoni mlikuwa na maganda matatu ya bundo. Mawili yalikuwa na alama zilezile, la tatu tofauti. Kwa hiyo jike alikuwa wa spishi moja na dume mojawapo. Lipi? Kwa ukubwa alifanana na letu, kwa manyoya ya mgongo na lile la kawaida. Asubuhi niliamini jambo moja, mchana nikaamini kinyume chake.

"Mama Peng," nilisema, "tuandike kwamba jike hajulikani. Watu huandika hivyo kila siku."

"Na huyu tumfiche wapi?"

"Hatumfichi. Hatujui tu ni wa nani."

"Hatujui kwa sababu mimi niliwachanganya." Akachukua kalamu, akaandika kwenye lebo: mtungi mmoja, wamechanganyika. "Usiipeleke karatasi hiyo kuchapishwa."

Alistaafu bila jibu. Kwenye chakula cha kumuaga aliniuliza mara mbili kama wino wa lebo umekauka.

Msimu uliofuata alikwenda kwa Tseng siku nne kabla ya wachumaji, kila kidudu na kichupa chake. Vingi vilikufa. Kimoja kilitoa dume lenye kibanio kipana, na chini yake ganda lake mwenyewe. Alikuja nalo kituoni akiwa bado na matope miguuni. Tuliliweka kando ya maganda ya mtungi, akatazama yeye kwanza. Alitazama muda mrefu.

"Ni kama yale mawili," alisema.

Nikatazama nami. Alama zilikuwa zilezile. Basi jike wa mtungini alikuwa wa dume lake, na wote walikuwa wa spishi ile aliyoipa jina Mjapani.

Sikujua nimpe pole au hongera. Mume aliyekosekana zaidi ya nusu karne alikuwa amepatikana, lakini jina lile pale juu ya karatasi halikuwa na mahali pa kukaa tena. Nililifuta mbele yake, nikaandika la zamani. Yeye akavuta kiti, ambacho sasa kilikuwa cha mtu mwingine, akakaa.

"Soma tena pale kwenye paja," alisema. "Nadhani nilikusomea la mguu wa katikati."