Kompyuta ya Koplo Adoch katika Nyumba ya Bati

Koplo Adoch hapendi laptopu. Nililijua hilo hata kabla hajanipa kiti, kwa sababu nilikuwa nimempelekea ya kwangu aniangalizie. Aliigeuza juu chini, akagonga kitako chake kwa ukucha, akauliza nani aliniuzia.

"Duka la uwanja wa ndege," nikasema.

"Ndiyo maana. Hii ni sufuria wamefunga mfuniko na gundi. Kitu kidogo kikiharibika ndani, unatupa yote na mchuzi. Mimi nataka kompyuta iko na mlango."

Yake ina mlango, ila ameung'oa. Imekaa juu ya meza kando ya kitanda, matumbo nje, ikipepewa na feni ya kusimama aliyoinunua sokoni Kalerwe. Adoch ni askari polisi, mtu wa Kitgum kule kaskazini mwa Uganda, na anaishi katika kambi moja ya Kampala, kwenye nyumba ya duara ya bati tupu: chumba kimoja na pazia katikati. Saa nane mchana unaweza kukausha mihogo humo ndani. Kwa kuwa zamu yake ya ulinzi ni ya usiku, saa zake za kompyuta ni hizo hizo za mihogo.

Nimewajua wapenda kompyuta katika miji mingi, na wengi wao wanataka chochote kilichotoka jana. Maoni ya Adoch yamepikwa na joto. Kwanza badilisha diski, anasema, kisha ongeza RAM, na prosesa iwe ya mwisho. Mwenye diski ya zamani anayekimbilia prosesa mpya ni kama mtu aliyevaa tai bila shati. Taa za rangi ndani ya kompyuta ni za baa. Kadi kubwa ya picha ni jiko la mkaa, na yeye jiko analo tayari, liko nje. Kuhusu kusasisha mfumo, sheria yake ni fupi: "Usikuwe wa kwanza. Wacha Wazungu waumwe miezi tatu, halafu wewe unaingia."

Jirani yake, Sajenti Bonny, alikuwa amekaa mlangoni akimenya muwa.

"Muulize anafanyia nini hiyo kompyuta," akaniambia. "Anaiwasha, anaangalia imewaka haraka namna gani, anaizima."

"Afande, afadhali mimi. Wewe redio yako inaongea peke yake, na unaijibu."

Lakini wiki ile kompyuta ilikuwa na kazi. Bonny na mkewe, Alal, walikuwa wameishi pamoja miaka mingi na kuzaa watoto wanne, na Jumamosi walikuwa wanafunga ndoa kanisani hatimaye. Adoch aliahidi kuwatengenezea filamu fupi ya maisha yao, ionyeshwe kwenye kitambaa cheupe wakati wa chakula. Picha za kawaida zilikuwa rahisi. Shida ilikuwa mama yake Alal. Mama huyo alifariki mwaka wa korona, na kilichobaki cha kumwonyesha akitembea au kucheka ni video ya sekunde chache iliyopigwa kwa simu ndogo: anacheza ngoma kwenye sherehe ya ukoo, anaigeukia kamera, anacheka. Uso wake una ukubwa wa punje ya hindi, tena una ukungu, kama unamtazama kupitia chandarua.

"Nataka watu wamuone," Alal alimwambia Adoch. "Hiyo tu. Mengine weka unavyotaka."

Kwa ajili ya hiyo-tu, Adoch alivunja sheria zake mbili kwa mpigo. Alisikia kuna programu ya akili bandia inayosafisha video za zamani. Programu ilidai mfumo wa kisasa kabisa, akausasisha wiki ileile ulipotoka. Ilidai kadi kubwa ya picha, akaitafuta mjini, akaipachika.

Mchana wa kwanza kompyuta ilifanya kazi dakika chache, ikapata joto, ikajizima. Akaweka beseni la barafu mbele ya feni. Ikajizima. Akaihamishia karibu na mlango, kuku wakaja kuangalia, ikajizima tena.

"Tumwagie bati maji," Bonny akasema.

Nilidhani ni mzaha. Haukupita muda kambi ilikuwa na msururu wa majerikani kutoka bombani hadi kwa Adoch, na koplo mmoja mrefu alikuwa juu ya kiti akimwaga. Bati lilifoka kama kikaango. Tulionekana kama wazima moto waliofika kabla ya moto. Ndani, tone moja lilipita kwenye tundu la skrubu, Adoch akapiga kelele, kisha akasimama juu ya kompyuta na mwavuli wazi.

"Mwageni upande wa kitanda! Kitanda hakina prosesa!"

Jioni kazi ikaisha. Alal akaitwa, akaja akifuta mikono kwenye kanga, na sisi wengine tukajaa mlangoni. Adoch akabonyeza.

Ilikuwa kazi ya ajabu. Ukungu wote ulikuwa umeondoka. Ungeweza kuhesabu maua ya kitenge na mikunjo ya paji la uso. Mtu nyuma yangu akamaka, "Banange!" Alal aliinama karibu na kioo, akatazama mara ya kwanza, akaomba irudiwe.

"Anafanana na Mama," akasema.

"Ni yeye, dada."

"Hapana. Huyu ana meno."

Nikamuuliza Bonny kwa sauti ya chini, akanieleza. Mama mkwe wake, kama wengi wa rika lake kule kaskazini, aling'olewa meno ya mbele ya chini akiwa msichana, na alicheka na lile pengo maisha yake yote. Programu ilikuta giza mdomoni, ikadhani ni uchafu wa video, ikampangia meno safi, yote, kama ya mtangazaji wa televisheni.

Adoch hakubisha. Alikaa, akajaribu kuielekeza programu iache mdomo. Ikamfumba mdomo. Akajaribu tena, meno yakarudi.

"Watu watakaa mbali," Bonny akasema, akitaka kusaidia. "Hawataona meno."

"Mimi nitaona." Alal alikuwa amenyooka. "Afande, mtoe. Afadhali asikuwe ndani kabisa, kuliko niweke mama wa mtu mwingine mbele ya wajomba zangu."

Akatoka. Adoch akabaki anaangalia kadi yake, kisha akachukua bisibisi na kuichomoa. Akafungua tena ile video ya asili. Alipoikuza ijaze kioo, uso ukawa uji. Akaipunguza. Akaipunguza zaidi, mpaka ikawa na ukubwa wa kiganja katikati ya weusi mtupu, na kadiri ilivyokuwa ndogo ndivyo mwanamke yule alivyotulia na kueleweka: bega, kitenge, kicheko, pengo. Akamwita Alal mara ya pili. Alal aliigusa ile picha ndogo kwa kidole, akaacha alama ya sabuni kwenye kioo.

Jumamosi, chini ya hema, picha kubwa za Bonny akiwa kijana mwembamba zilichekwa ipasavyo. Kisha kitambaa kikawa cheusi, na katikati kikaonekana kitu kidogo kinachosogea. Waliokaa nyuma wakauliza ni nini. Wajomba wakaacha sahani, wakasogea. Nyuma yao wakaja wengine, mpaka kitambaa kikazungukwa na migongo ya makoti na mabega yaliyochongoka ya magauni ya gomesi, watu wakisukumana kama wanaotaka kumsalimia mgeni.

Adyero, mama mdogo wa Alal, alikuwa amepenya hadi mbele.

"Muone miguu!" akapaza sauti. "Nilimwambia kila siku, unachelewa ngoma! Muone, bado anachelewa!"

Alal alicheka hadi shela ikamwangukia usoni. Akaomba irudiwe, na Adoch akairudisha nyuma.