Sauti ya Fundi wa Mitambo

Jirani wa Oddny alikuwa fundi wa mitambo ya umeme, na kunong'ona hakukujua. Tangu maporomoko ya maji yaingizwe mabombani kuzungusha mitambo hiyo na kijiji kujengwa chini yake, kwenye ile ghuba nyembamba iliyobanwa na milima, wote walizoea kupaza sauti kuushinda mngurumo. Lakini yeye alizidi. Alipoomba kanisani, ng'ambo ya maji waliitikia amina.

"Mungu si kiziwi, mzee!" Oddny alikuwa akimtania.

"Kwani wewe unanong'ona?"

Kila asubuhi fundi aliegemeza kiganja ukutani kwake, akausikiliza mtetemo wa mitambo kwa mkono, ndipo akanywa kahawa.

Siku mitambo ile kongwe ilipozimwa isiwashwe tena, kijiji kizima kilijaa kwenye ukumbi wa mitambo. Mngurumo ukafifia kama pumzi za mtu anayepitiwa na usingizi, ukaisha.

"Jamani, mbona kimya?" Oddny alipayuka, akaona haya.

Fundi aliuinamia mtambo, akaweka kiganja juu ya chuma chake kilichokuwa bado na joto.

"Haya, lala, mama."

Oddny aligeuka kutazama ni nani aliyesema kwa upole vile. Miaka yote ya ujirani, hakuwahi kuisikia sauti hiyo.