Lenzi Iliyofuta Ng'ombe

Juzi nilikuwa kwenye studio moja ya picha pale Kashaulili, na mpiga picha alikuwa akijisifia lenzi ya mtumba aliyoipata kwa bei nafuu. "Hii ni ya sura. Inakutoa wewe tu, nyuma kote ukungu!"

Mfugaji mmoja aliyefuata picha yake iliyopigwa zizini kwake akaisogeza kwenye mwanga, akakunja uso. "Ng'ombe wangu wako wapi?"

"Si hao hapo nyuma, mzee."

"Huu moshi? Kijana wangu anaposa, picha inakwenda kwa wakwe. Sura yangu wanaijua. Wanataka kuona ng'ombe!"

Mpiga picha akachomoa lenzi, akarudishia ya zamani.

Nikamsihi ile ya ukungu asiiuze. Mimi pia natafuta wakwe, na nyuma yangu kuna chumba kimoja cha kupanga, Majengo.