Dobi wa Muthangari Anayetaka Nguo Chafu

Saa mbili asubuhi, Muthangari. Jua bado halijaufikia ua wa nyuma, lakini Peres Odero tayari amezamisha mikono hadi viwiko katika karai la povu. Kulia kwake kuna rundo la mashati, kushoto shuka. Mbele yake Haron, tarishi wa ofisi moja mjini, ameegemea baiskeli yake na kumnyooshea kifurushi cha gazeti.

Peres anajifuta mikono kwa leso na kukifungua. Ndani mna kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono. Ukingo wake umegeuka rangi ya chai kwa jasho. Anaipeleka puani, anavuta pumzi taratibu kama mtu anayeonja mchuzi.

"Hii haijafuliwa?"

"Haijafuliwa, Mama Lornah. Amesema hata mke wake hakuruhusiwa kuigusa."

"Udi je?"

"Udi hakuna."

"Basi weka kule juu. Isilowe."

Kofia hiyo ni ya Maalim Twahir, mwalimu wa madrasa mjini. Mwaka jana Maalim huyohuyo aliapa kwamba hakuna mnyama wa mama huyu atakayekaribia mlango wake. Ilikuwaje mpaka leo anamtumia kofia yenye jasho, hiyo ni hadithi ya mbwa mmoja aliyeitwa Brandi.

Peres ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Alikuja Nairobi kutoka Gem mwaka wa 1958, na tangu hapo kazi yake ni udobi. Analipwa shilingi mia moja na arobaini kwa mwezi, na sehemu ya fedha hizo huishia kwa muuza nyama wa Adams Arcade, anakonunua matumbo na mifupa. Si ya kula yeye.

Alianza kuokota wanyama mwaka wa 1964, Wazungu wengi walipokuwa wakifunga masanduku. Nyumba zilibaki na paka dirishani na mbwa langoni. Mwajiri wake, Bi Hannah, mama mzee wa Kizungu ambaye hakuondoka, alimpa banda la zamani la farasi lililo nyuma ya nyumba.

Hayuko peke yake. Wapishi, yaya na watunza bustani wa mitaa ile humletea habari. Nanjala, mpishi wa Kitisuru, ndiye macho yake upande wa huko. Haron hubeba paka kwenye kikapu cha baiskeli. Haron anasimulia kuwa paka mmoja aliwahi kulala ndani ya mfuko wa barua akasafirishwa mpaka Nakuru, akarudi kesho yake akiwa amepigwa muhuri kichwani. Muhuri huo hakuna mwingine aliyeuona.

Peres ana utaratibu wake mmoja, naye haubadilishi kwa mtu. Anayetaka mnyama sharti kwanza alete nguo aliyoivaa na ambayo haijafuliwa. Mnyama huilalia bandani mpaka aizoee.

"Mbwa hasomi barua," anasema. "Ukimwambia huyu ndio tajiri yako mpya, yeye anaona mtu tu. Lakini akilala na shati yako, siku ukikuja anasema, ala, kumbe ni wewe!"

Brandi alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia. Wenyewe walipoondoka Kitisuru walimwacha. Nanjala, kwa haraka na kwa huruma, alimpeleka kwa watu wa Kawangware bila kungojea nguo. Mbwa akarudi Kitisuru. Akapelekwa Dagoretti, akarudi tena, akalala langoni pale pale akingoja gari ambalo lilikwisha kuuzwa.

Mpangaji mpya wa nyumba ile alikuwa na watoto wadogo, naye akachoka. Akampa askari wake bunduki na amri: mbwa huyo akija mara ya tatu, apigwe risasi.

Askari hakuwa mtu mbaya. Alimwita Nanjala kando akamwambia, "Dada, safari hii mfungeni roho, si shingo. Nikimwona hapa tena, mimi nimeshaambiwa."

Ndipo Brandi akaletwa Muthangari, na Peres akaanza kumtafutia mtu.

Mtu huyo alikuwa Mbarak, mfanyabiashara kutoka Lamu anayeuza nazi, tende na achari nyuma ya River Road. Tayari alikuwa na paka wa Peres, ambaye panya wa mtaa mzima wanasemekana walihama kwa ajili yake. Sasa wezi walikuwa wakimfungulia mabati usiku. Alimwuliza Maalim Twahir, jirani yake, naye akamjibu kuwa mbwa wa ulinzi hana ubaya, mradi akae uani asiingie ndani.

Mbarak akamwomba mkewe, Salme, ampe kanzu aliyoivua, aipeleke kwa dobi. Salme alishtuka.

"Baba Jabir, nguo ya jasho itoke nyumbani mwangu iende kwa watu? Watasema mkeo hajui kufua!"

"Ndivyo alivyotaka mwenyewe."

"Kataka kwa adabu tu. Mtu hawezi kusema niletee safi."

Salme akaifua kanzu ile, akaitia wanga, akaipiga pasi, kisha akaitundika juu ya chetezo ikafukizwa udi mpaka asubuhi. Hakumwambia mumewe.

Peres alipoipokea aliinusa kama kawaida. "Nikasikia udi. Nikasema, haya, huyu ndio harufu yake. Tajiri ananuka vizuri, si ajabu," anaeleza, kisha anacheka mpaka anashika karai. "Dobi mzima! Hata wanga sikuiona."

Brandi aliipenda kanzu ile. Aliilalia, akaikumbatia kwa miguu ya mbele. Siku ya kwenda mjini alimfuata Haron bila kuvutwa kamba. Uani kwa Mbarak alipokewa vizuri, isipokuwa jina. Salme alisema hawezi kusimama kichochoroni, watu wakipita kwenda kusali, akaita pombe kwa sauti. Akampa jina la Chai. Rangi ilikuwa ileile.

Ijumaa ya kwanza, mlango wa ua ulisahauliwa wazi. Mbwa akatoweka.

Haron alipomletea habari, Peres aliacha shuka ndani ya maji akaenda Kitisuru kwa miguu, mikono bado ina povu. Alimkuta askari langoni, bunduki magotini. Peres akasimama katikati ya barabara, Nanjala kando yake.

"Mama, ondoka hapo," askari akasema.

"Siondoki. Akikuja, namshika mimi."

"Na usipomuwahi?"

"Basi utapiga sisi wawili, ujaze karatasi."

Wakangoja. Jua likaanza kwenda magharibi. Hakutokea mbwa. Aliyetokea ni Haron, anasukuma baiskeli, hawezi hata kuipanda kwa kicheko.

Mbwa alikuwa amepatikana msikitini. Alikuwa amelala nje, juu ya viatu, katikati kabisa. Kila mwanamume aliyetoka akinukia udi alipokewa kwa mkia, kama bwana aliyerudi safari. Viatu vilivyolambwa zaidi vilikuwa vya Maalim Twahir, ambaye siku hiyo alikuwa amejifukiza kuliko wote.

Maalim aliosha makubadhi yake mara saba, mara moja kwa udongo kama sheria inavyotaka, kisha akayavaa yakiwa bado yanadondoka maji na kwenda dukani kwa Mbarak.

"Nilikwambia mbwa wa kulinda, Mbarak. Huyu ni mbwa wa kukaribisha! Mwizi akijipaka udi si atabebewa na gunia?" Hapo ndipo alipokula kiapo chake.

Peres alipofika, mbwa alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya uani na Mbarak ameshashika kamba.

"Mama Lornah, mchukue mbwa wako. Nimeaibika."

"Nikichukua, atarudi kule, na kule kuna bunduki. Lakini leo ametoroka na hakuenda kule! Mara ya kwanza tangu yule Mzungu wake aondoke. Alikuwa anatafuta wewe, Mzee Mbarak. Anatafuta harufu ya kanzu yako kwa kila mtu."

"Kanzu yangu hainuki udi. Ilikuwa ya kazini."

Salme, aliyekuwa amesimama mlangoni, akavuta buibui mpaka mdomoni.

"Niliifua mimi," akasema. "Nikaifukiza."

Mbarak akamtazama mkewe, akamtazama mbwa, akaiachia kamba. Akampa Peres mpaka Ijumaa ijayo.

Shida ilikuwa jasho. Watu wa mtaa wanasema Mbarak hakuwa ametoka jasho tangu aliposhuka garimoshi kutoka Mombasa, na hilo garimoshi lilikuwa la makaa. Lori la nazi lilipokuja, akavua koti akaanza kupakua magunia mwenyewe. Wapagazi wakaacha kazi wakae watazame.

"Leo tajiri amefilisika!"

"Mzee, ukianguka tukuuze pamoja na nazi?"

"Beba, beba, mbwa anangojea!"

Jioni shati lile lilisimama lenyewe kama lina mtu ndani. Salme alilishika kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia ukutani, akalifunga gazetini. Hakulitia hata maji ya waridi. Likapelekwa Muthangari pamoja na mbwa.

Ijumaa iliyofuata Peres alimrudisha mwenyewe, akatandika shati lile uani na kumfungua kamba. Mlango wa ua akauacha wazi makusudi. Watu wakaanza kupita kwenda msikitini, kichochoro kizima kikinukia. Mbwa akainuka. Akaenda mpaka kizingitini, akanyoosha pua, mkia ukaanza kutikisika.

Peres alishika mdomo wake.

Mbwa akasimama hapo muda. Kisha akageuka, akarudi kwenye shati la nazi, akalizunguka na kulala juu yake. Mbarak, amevaa kanzu safi, akampita akaenda kusali. Maalim Twahir naye akapita, kwa tahadhari, makubadhi yake ameyabana kwapani.

Tangu siku hiyo mabati hayajaguswa. Chai hubwekea kila mtu, mwenye udi na asiye nao, isipokuwa wa nyumba ile. Mwezi uliopita, Maalim alimwuliza Mbarak, kama mtu anayeuliza habari za hewa, iwapo yule mama ana paka. Panya wa mtaa mzima waliohama walikuwa wamehamia madrasa.

Peres anaye, paka mzee wa Kitisuru mwenye jicho moja. Kabla hajarudi kwenye karai, anaipeleka kofia bandani na kuitandika kwenye majani. Paka anaitazama kwa jicho lake, anaikanyaga, kisha anajikunja ndani yake.

Mpango wa Peres ni mdogo kuusema. Anataka apite na Nanjala kila nyumba inayohamwa, wenyewe wamwambie mapema, wakati nguo bado zinavaliwa na mnyama bado ana kwao.

"Viti wanauza mwezi mzima kabla," anasema, akikamua shati la mtu. "Mbwa wanamkumbuka wakishaingia kwa gari. Mimi nataka waniambie siku ile wanauza viti."

Anaitundika nguo kwenye kamba, safi, inadondoka maji. Ndani ya banda, kofia ya Maalim imeanza kupata manyoya.