Pale Nyuma ya Migomba

Watu wa pwani wakisikia baba yangu alikuwa baharia, hucheka. Msambaa na bahari wapi na wapi? Kwetu ni juu kabisa, unapita Mlalo unaelekea Mtae, mahali ambapo hata miezi ya joto hulali bila blanketi. Lakini baba alishuka Tanga kutafuta kibarua bandarini, akapata kazi ya chumba cha injini kwenye meli ya mizigo, na meli hiyo ikazama naye. Hakuna maiti hata moja iliyopatikana.

Kwa wazee wetu, mtu aliyepotea hivyo huzikwa kwa nguo yake, ile aliyoivua ikabaki na jasho lake. Inachimbiwa kaburi nyuma ya migomba, watu wanalia, basi, yanakwisha. Sasa mama, maskini, siku zile za kusubiri habari alikuwa amezifua nguo zote za baba na kuzikunja, ili akirudi azikute safi. Baba mkubwa alizinusa moja moja, akatikisa kichwa.

"Shemeji, humu hamna mtu. Humu mna sabuni."

Mchungaji akaomba pale sebuleni, tukala, watu wakaondoka. Kaburi hatukuwa nalo, na mama hakujisamehe.

Baadaye kikaja chama cha kusaidia watoto wa mabaharia waliofia kazini. Sina neno baya la kusema juu yao, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Walilipa ada yangu na ya kaka yangu, wakatununulia viatu, masweta, hadi magodoro ya bweni. Kila mwaka mama mmoja wa chama alipanda kutoka Tanga, anatetemeka ndani ya khanga zake, anauliza, "Jamani, huku mnaishije?" Mama alimpa chai ya moto na viazi, akamshika mikono yote miwili na kumwombea. Tulimwita shangazi, na kwa kweli alikuwa shangazi.

Kaka alipomaliza kidato cha nne, shangazi alifika na furaha yake hata shikamoo zetu hakuzisubiri.

"Hongereni! Kijana amepata nafasi chuo cha ubaharia. Chama kitalipa kila kitu."

Mama akaweka birika chini. "Hakuna chuo kingine?"

"Wafadhili wetu ni watu wa meli, mama. Wanalipia hicho tu. Akikikataa, msaada wetu kwake umeishia hapo."

"Kumbe miaka yote hii mlikuwa mnamnenepesha wa kuchinja."

Shangazi alilia, tena si machozi ya uongo. Mama hakulia. Alimgeukia kaka, na mimi nikamwomba Mungu kimoyomoyo kaka aseme hapana. Hapana moja tu, mengine tungeyajua mbele ya safari.

"Mama, nikibaki hapa nitafanya nini?" kaka akasema. "Nilime kabichi zioze barabarani mvua ikikata njia?"

Nilitamani kumzaba kofi. Lakini msimu ule kabichi zetu zilikuwa zimeoza kweli, na harufu yake ilikuwa inaingia mpaka pale tulipokaa. Akaenda.

Sasa yuko chumba cha injini, kama baba. Hutuma hela, hupiga simu mtandao ukipatikana. Mama huongea naye habari za mbuzi na za kanisani, simu ikikatika anachukua jembe na kutoka nje. Zamani nilikuwa namwambia asijali, meli za siku hizi ni imara. Nimeacha, maana mwenyewe siamini. Nafundisha shule ya msingi hapa hapa kijijini kwa elimu niliyoipata kwa sababu baba alikufa maji, na hakuna siku nashika chaki nikalisahau hilo.

Juzi juzi kaka alikuja likizo. Asubuhi alizunguka nyuma ya nyumba, nami nikamfuata na kikombe chake cha chai. Mama alikuwa ameinama na jembe, anapalilia kipande kidogo nyuma ya migomba, cheusi, safi, hakina hata jani. Kipande hicho nimekiona miaka yote na sikuwahi kuuliza, kwa sababu nilijua.

"Mama, hapa unapanda nini?" kaka akauliza.

"Sipandi." Hakuinua kichwa. "Hapa palikuwa pa baba yako, nikakosa cha kuweka. Napatunza tu."

"Unamtunzia nani sasa?"

Mama akanyooka, mkono kiunoni, akamtazama. Ee Mungu wangu, alivyomtazama!

Nilidhani kaka atacheka, maana ni mtu wa utani sana. Hakucheka. Alivua sweta lake, lile alilosafiria na kulalia, akalikunja, akamwekea mama mikononi.

"Usilifue," akamwambia.

Kesho yake alfajiri alipanda basi, na baridi yote ile, akiwa na shati tu.