Choo Nilichomficha Mkwe Wangu

Wazee wenzangu, nisikilizeni bila kunitazama sana usoni. Jambo lenyewe ni la aibu.

Mimi ni mkulima wa ndizi, kijijini Ikuti. Mkungu mzima nilikuwa naubeba begani hadi barabarani bila kupumzika, na nilijisifu kupita kiasi. Mvua zilizopita niliteleza shambani, paja likavunjika. Nikafanyiwa upasuaji, nikarudi nyumbani na vidonge vya tramadol vya kutuliza maumivu. Vilinisaidia kweli. Nililala.

Lakini choo kikagoma. Najikamua mpaka jasho linanitoka, sipati kitu.

Mke wa mwanangu ni nesi. Akaja kunijulia hali. Mila yetu Wanyakyusa mnaijua: mkwe wa kike hatazamani na baba mkwe wala haongei naye. Alisimama nje ya mlango, akamwambia mke wangu, "Mama, muulize baba kama anapata choo. Dawa hizo zinafunga."

"Mwambie napata vizuri!" nikajibu kwa sauti, asikie mwenyewe.

Nilidanganya. Ningeanzaje kutaja haja kubwa mbele ya mkwe?

Tumbo likavimba, likawa gumu. Nikawa natapika kila ninachokula. Wakanikimbiza hospitali, ile ile anakofanya kazi mkwe wangu.

"Mzee, dawa hii ina vipokezi vyake mwilini, mahali inapojishika," daktari akasema huku ananibonyeza. "Ikijishika kwenye ubongo, maumivu yanatulia. Utumbo nao una vipokezi hivyo hivyo. Ikijishika huko, utumbo unalala. Ungesema mapema tungekupa dawa ya kulainisha. Sasa utumbo usipofunguka, utatoboka, nawe utakufa."

Enema, yale maji ya kusafisha utumbo yanayoingizwa kwa nyuma, haikufua dafu. Ikabidi kinyesi kitolewe kwa kidole. Daktari akaitwa chumba cha upasuaji, na wodini alibaki nesi mmoja tu: mkwe wangu.

Nikasema heri nife.

Ndipo aliponisemesha kwa mara ya kwanza tangu aolewe. "Tata, baba yangu, geukia ukutani. Hata mimi naona aibu. Ila wajukuu wako wanauliza babu anarudi lini."

Nikageuka, nikajifunika uso kwa blanketi, nikalia. Alivaa glavu akafanya kazi taratibu mpaka tumbo likafunguka. Harufu ilijaa wodi nzima. Akanisafisha, akabadilisha shuka.

Nilipona. Vidonge vikapunguzwa polepole, nikapewa na dawa ya choo, leo natembea na mkongojo. Namshukuru Mungu, nawashukuru waliohangaika nami. Mkipewa dawa hizi kali msiziogope, lakini choo kikigoma semeni siku hiyo hiyo, hata kama anayeuliza ni mkwe.

Wengine wananilaumu kwamba nimevunja mila. Mimi nina aibu nyingine. Mke wangu ameniambia kuwa siku ile aliyouliza mlangoni, binti yule alirudi kwake analia. Alijua kabisa nadanganya, akashindwa kunibishia kwa kuniheshimu. Heshima hiyo ilibaki kidogo iniue, na mimi ndiye niliyekuwa naidai.