Kufuli la Shemeji

Mchapaji hakuwa mtu wa kuombaomba kilicho chake. Mumewe alimwachia kompyuta aliyoiunda kwa mikono yake, ikiendeshwa na programu ya Linux, na mara tu baada ya maziko mdogo wa marehemu akahamia pale nyumbani, eti awe baba wa familia. Baba gani, anaamka jua limeshapanda? Jambo la kwanza alilofanya ni kutia kufuli simu ya sebuleni, pale kwenye kiduara cha kuzungushia namba. Ufunguo akauning'iniza kiunoni.

Kisha akaigeukia kompyuta.

"Shemeji, hili dude hata Windows halina. Jumamosi rafiki yangu anakuja kulichukua."

"Na mimi nitachapia nini?"

"Kwani bado una kazi?"

Hapo alitonesha kidonda. Chuo kilichokuwa kikimpa kazi za kuchapa sasa kilizituma kwa barua pepe, na asiyekuwa nayo ndiyo hivyo, kaachwa. Basi wakawekeana sharti mbele ya mama mkwe: Jumamosi ikifika kompyuta haijapokea barua hata moja, iende. Shemeji alikubali upesi, huku akipapasa ufunguo wake.

Mchapaji akachomeka modemu ya marehemu, chombo cha kuiunganisha kompyuta na intaneti kupitia waya wa simu, kwenye tundu la simu ukutani. Akaandika kwenye faili namba ya kampuni ya intaneti, jina lake na neno la siri, akaiamuru kompyuta ipige. Modemu ikaiimba namba yote, ti-ti-ti, lakini mlio wa laini ya simu ukaendelea kunguruma vilevile, kana kwamba hakuna aliyepiga. Akakagua jina, akabadilisha waya, akarudia mpaka shingo ikamkakamaa. Wapi.

Ijumaa shemeji akaegemea mlango, anachokonoa meno. "Simu nimeifunga mimi. Kubali yaishe."

Hakukubali ng'o. Hasira zilimjaa, akaenda sebuleni kumpigia dada yake ampunguzie. Ufunguo wa nini? Aliinua mkonga, akagonga kile kidude unapokalia: mara tatu kwa namba tatu, mara saba kwa namba saba. Mama mkwe ndiye aliyemfundisha, maana naye enzi zake alifungiwa simu na mumewe, na hakukaa kimya hata siku moja.

Katikati ya namba vidole vikasimama. Kumbe mitambo ya simu ya mtaa wao ni ya kizamani, inahesabu mapigo ya kugonga. Nyimbo haizijui. Siku zote hizi alikuwa akimwimbia kiziwi.

Dada angesubiri. Alirudi kwenye faili, akaiamuru modemu iache kuimba, igonge. Ikagonga polepole, namba baada ya namba. Upande wa pili ukapokea, modemu ikapiga mayowe, ikakwaruza, ikatulia. Mchapaji akalia kidogo, akajifuta, akakiandikia chuo.

Jumamosi shemeji aliikuta kazi ya chuo imejaa kwenye kioo.

"Nani kakupa ufunguo?"

Jikoni mama mkwe alikuwa akicheka peke yake.

"Hakuna," alisema mchapaji. "Kaa nao."

Shemeji akafungua kufuli lake, akainua mkonga amzuie rafiki yake asije. Kelele za modemu zikamjaa sikioni.

"Weka chini, nipo kazini," alisema mchapaji bila kugeuka. "Ukitaka simu, utaniomba."

Akaweka chini.